Kutafuna miraa na muguka bila kujimaliza: mwongozo kamili, kuanzia kununua hadi kushuka

Swali linalonifikia mara kwa mara ni hili: "Nimeanza muguka saa nane mchana, sasa ni saa tisa usiku, macho makavu, moyo unadunda. Nifanye nini nilale?" Ukweli ni kwamba saa tisa usiku umeshachelewa. Usingizi wa leo hupangwa kabla hujamlipa muuzaji.

Wengi hufeli hapo hapo, kisha wanatafuta njia ya mkato: bia, kidonge cha rafiki, bangi. Kwa niliyoyaona maskani, yaani vijiweni pa kutafunia, huko kukata stimu (kuzima uchangamfu wa majani) kumeangusha watu wengi kuliko majani yenyewe. Ndiyo maana sehemu ya kushuka, yaani stimu inapoisha, hapa chini ni ndefu kuliko sehemu ya kutafuna.

Kama hutafuni, usianze. Kutotafuna kabisa ndiyo salama zaidi na hakuna ujanja unaoweza kuishinda. Mwongozo huu ni wa anayetafuna tayari, awe dereva wa lori, soja wa usiku, mtu wa tuktuk au mwanafunzi wa chuo, na kesho anataka aamke na akili yake, meno yake na nauli yake.

Miraa ya vijiti kutoka Meru na muguka wa majani kutoka Embu ni mmea mmoja. Kinachochangamsha ndani yake ni kathinoni, kichangamshi cha jamii moja na amfetamini, ingawa ni hafifu zaidi. Basi kila kinachosemwa hapa kinahusu vyote viwili, isipokuwa pale nitakapovitenganisha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mlo kamili, tena uwe umeshaliwa, usiwe bado mezani
- Maji safi ya kunywa, lita 2, kwenye chupa yako mwenyewe
- Pesa taslimu ya kipimo ulichoamua, na si zaidi ya hapo
- Chingamu isiyo na sukari, au karanga
- Papai, machungwa au ndizi za kula baadaye
- Simu yenye kengele mbili: ya kuacha na ya kulala
- Mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi
- Kipimo cha presha cha karibuni. Maduka mengi ya dawa hupima kwa pesa kidogo
- Mtu mmoja asiyetafuna anayejua uko wapi

Hiyo pesa taslimu si jambo dogo. Simu yenye M-Pesa mfukoni ndiyo adui wa kwanza wa kipimo, kwa sababu stimu ikishapanda kila mtu ni tajiri.

## Hatua ya 1: Jikague kama wewe ni wa kutafuna

Kathinoni hupandisha presha, huharakisha mapigo ya moyo na kubana mishipa ya damu, ikiwemo ile inayolisha moyo wenyewe. Kwa kijana mwenye afya hilo huja na kupita. Kwa mwenye moyo mbovu linaweza kuwa la mwisho.

Usitafune kabisa kama:

- Presha yako ni 140/90 au zaidi siku ambayo hujatafuna na umetulia. Muone daktari kwanza.
- Umewahi kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi.
- Una mimba. Watoto wa mama wanaotafuna huelekea kuzaliwa na uzito mdogo.
- Unanyonyesha, maana kichangamshi hupita kwenye maziwa.
- Umewahi kusikia sauti zisizokuwepo au kurukwa na akili, au ndugu wa damu amewahi kupatwa na hayo.
- Una kifafa. Kukesha peke yake kunatosha kukuletea kifafa.
- Hujafika miaka 18.

Anayetumia dawa za akili au za msongo wa mawazo asijiamulie. Amuulize aliyemwandikia dawa, tena amwambie wazi kwamba anatafuna. Miraa hupunguza kasi ya ini kuzivunja baadhi ya dawa hizo, hivyo kipimo kilichokuwa sawa kinaweza kugeuka kikubwa.

Utajua umefaulu: unaweza kuitaja presha yako kwa tarakimu. "Mimi sina presha" si jibu.

## Hatua ya 2: Amua kipimo na saa ya mwisho, kabla ya kununua

Kosa la kwanza la watu wengi ni haraka. Kathinoni huingia mwilini pole pole kupitia utando wa mdomo na tumbo, na hufika kileleni kwenye damu yapata saa mbili tangu uanze. Aliyetafuna kwa dakika arobaini akasema "hii haishiki" na kuongeza mfuko wa pili amelipia stimu mbili. Zote zitamfikia pamoja, saa ambayo alitaka kuwa nyumbani.

Kanuni ni hii: nunua mara moja, usirudi kwa muuzaji. Ukihisi haishiki, subiri saa mbili zitimie.

Pesa pia si kipimo cha kuaminika. Muguka wa mia wa muuzaji huyu si wa mia wa yule, na uliochumwa jana si sawa na wa juzi. Kathinoni huanza kuvunjika baada ya kuchumwa, na kwa siku mbili hivi nguvu yake huwa imepungua sana. Ndiyo sababu vibunda hufungwa kwa majani ya mgomba na magari ya Meru hukimbia kama yanavyokimbia. Ukizoea majani yaliyonyauka, siku utakayopata mabichi anza na nusu. Vilevile muguka, kwa kuwa unatafuna majani matupu bila kijiti cha kukuchelewesha, hujaa shavuni upesi kuliko miraa ya kumenya ganda kwa kucha. Anayehama kutoka giza au kangeta (aina za miraa ya vijiti) kwenda muguka asihame na kipimo chake.

Sasa hesabu ya saa. Chukulia kwamba kinachobaki mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa nne. Ukiacha saa kumi jioni, saa mbili usiku bado nusu ipo, saa sita usiku robo ipo. Kwa hiyo anayetaka kulala saa tano usiku aache saa tisa alasiri, na aanze saa saba mchana. Kutafuna kwa saa mbili kunatosha. Baraza la kutafuna linalochukua saa sita au saba, ambalo wengi wanaliita la kawaida, halikuachii usiku wa kulala.

Weka kengele ya kuacha. Ikilia, kilicho shavuni kinatemwa, hata kama mfuko haujaisha.

Utajua umefaulu: unabaki na majani mkononi na unaweza kuyatupa au kumwachia mwingine. Kama huwezi, ruka hatua zinazofuata, nenda moja kwa moja hatua ya 7.

Kwa wa kazi ya usiku: tafuna nusu ya kwanza ya zamu tu, si alfajiri. Anayeongeza saa kumi za usiku ili amalizie zamu ndiye anayefika nyumbani saa moja asubuhi na kulitazama dari hadi adhuhuri. Halafu kuna hili la madereva, nalo nalisema kwa ukali: miraa huondoa hisia ya uchovu, haiondoi uchovu wenyewe. Stimu inapokatika, usingizi uliouahirisha huja wote kwa mpigo, na unaweza kukukuta kwenye mteremko wa Salgaa au barabara ya Mombasa. Macho yakianza kuganda, egesha mahali salama ulale dakika ishirini. Kuongeza majani si jibu.

## Hatua ya 3: Kula kwanza, na kula vizuri

Miraa huua njaa. Ukianza tumbo tupu, utakula tena kesho. Tumbo lisilo na kitu huungua, na wenye vidonda vya tumbo wanalijua hilo kuliko mimi.

Kula kama saa moja kabla: ugali, wali au viazi, na maharagwe, ndengu au samaki, na mboga za majani kwa wingi. Mboga na matunda si mapambo. Majani haya yana tanini inayokausha na kufunga choo, na choo kigumu cha kila siku ndicho njia ya bawasiri. Wanaume huona haya kulisema hili mpaka wanapoona damu.

Chipsi na soda haziingii hapa. Hiyo si mlo.

## Hatua ya 4: Mikono, majani na chupa

Osha mikono kwa sabuni. Majani hayo yamepita mikono ya mchumaji, mfungaji, wa gari na muuzaji, nawe unayapeleka mdomoni bila kuyapika. Kipindupindu na homa ya matumbo husafiri kwa njia hiyo hiyo.

Suuza muguka kwa maji safi ya kunywa, kisha ukung'ute. Kuna imani kwamba maji hupunguza stimu. Kathinoni imo ndani ya jani. Unachokiondoa kwa kusuuza ni vumbi, na huenda na baadhi ya dawa za wadudu zilizopulizwa shambani. Miraa ya vijiti futa kwa kitambaa safi chenye maji.

Chupa ya maji isizunguke baraza zima. Na kama mnakaa chumbani, fungueni madirisha. Chumba kilichofungwa, moshi na mtu mmoja anayekohoa kwa wiki tatu bila kupimwa: hivyo ndivyo kifua kikuu kinavyopita maskani.

## Hatua ya 5: Wakati wa kutafuna

Maji, kidogo kidogo. Glasi moja kila nusu saa inatosha kwa siku ya kawaida. Usinywe lita nzima kwa pumzi moja, hiyo nayo ina hatari yake. Mombasa ya Februari inahitaji maji zaidi na kivuli, kwa kuwa vichangamshi hupandisha joto la mwili.

Acha soda na vinywaji vya kuongeza nguvu. Miraa hukausha mate, na mate ndiyo kinga ya meno. Soda juu ya mdomo mkavu kwa saa tatu, pamoja na chingamu ya sukari ya kuondoa uchungu: meno yanaoza yakiwa machanga. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini, nayo huusukuma moyo huo huo. Strungi (chai ya rangi) kikombe kimoja, bila sukari nyingi, haitakuua. Vitano ni hesabu nyingine.

Hamisha tonge. Tazama mdomo wa mtafunaji wa miaka mingi: ufizi wa upande mmoja umerudi nyuma, mizizi ya meno iko wazi, na ndani ya shavu pameota utando mweupe mgumu. Ni pale pale tonge linapokaa kila siku. Badilisha shavu kila nusu saa, usilaze tonge mahali pamoja, na usilale nalo.

Hesabu sigara. Watu wengi huvuta zaidi wakiwa na majani mdomoni. Nikotini nayo hubana mishipa. Ingia na idadi maalum ya sigara, pakiti ibaki nyumbani.

Nenda haja. Kwa wanaume, miraa hubana mlango wa kibofu na mkojo hutoka kwa uvivu. Usibane, usingoje mpaka uumie.

Beba kondomu. Stimu huongeza hamu na kupunguza hadhari. Ni rahisi kuzitia mfukoni saa saba mchana kuliko kuzitafuta saa nne usiku.

Usibeti, usikope, usitume pesa. Sina utafiti wa kukupa hapa, nina macho tu. Funga programu hizo mpaka kesho.

Utajua umefaulu: unaongea kwa zamu badala ya kumfunika kila mtu, mkojo wako una rangi hafifu, na kengele inakukuta bado una maji kwenye chupa.

## Hatua ya 6: Visivyochanganywa

Ukichoka kusoma, soma hapa tu kisha ufunge simu.

Pombe. Stimu huificha pombe. Unakunywa bia ya tano ukijihisi wa bia ya pili, unaendesha pikipiki, unagombana. Kathinoni inapopungua, pombe yote bado imo. Moyo nao umefanya kazi mara mbili.

Bugizi, diazepamu na ndugu zao, yaani vidonge vya usingizi na vya kutuliza. Hivi ndivyo vinavyotumika zaidi kukata stimu, na ndivyo ninavyoviogopa zaidi. Kidonge huanza kushindana na miraa, unaona hujahisi kitu, unaongeza cha pili. Baada ya saa chache miraa inapungua, vidonge vinabaki peke yake, na pumzi inazama ukiwa usingizini. Pakiwa na pombe ndani, hatari huongezeka mara nyingi. Zaidi ya hayo, mwili huvizoea ndani ya wiki chache, na kuviacha ghafla kunaweza kukuletea degedege. Umeanza na jani, unamaliza na uraibu wa pili ulio mgumu kuliko wa kwanza. Vidonge vya mtaani pia huwezi kujua vimetengenezwa na nini.

Tramadoli na heroini. Tramadoli yenyewe inaweza kuleta degedege, na kichangamshi juu yake huongeza uwezekano huo. Kwa heroini mambo ni yale yale ya vidonge: kichangamshi huficha kuzidiwa mpaka kinapoisha.

Kokeini, amfetamini na vichangamshi vingine. Vyote vinasukuma moyo mmoja. Hakuna kipimo salama cha mchanganyiko huo.

Dawa za mafua. Wengi hawalijui hili. Baadhi ya dawa za kuzibua pua huwa na pseudoefedrini, ambayo ni jamaa wa karibu wa katini, kichangamshi cha pili kilicho ndani ya miraa. Ukiwa na mafua, acha majani kwanza.

Dawa za nguvu za kiume. Baadhi ya watafunaji hupungukiwa na nguvu hizo na kujitibu dukani. Moyo uliobanwa na kichangamshi, kisha mishipa ikafunguliwa kwa kidonge, si mahali pa kujaribia bila daktari.

Antibayotiki. Kutafuna hupunguza kiasi cha ampisilini kinachoingia mwilini, na kwa kiasi kidogo amoksilini pia. Tafuna ukiwa kwenye dozi uone ugonjwa hauponi, kisha uilaumu dawa. Zimeze baada ya saa mbili tangu uteme. Bora zaidi, acha majani mpaka dozi iishe.

Na maziwa? Maskani nyingi huamini maziwa hukata stimu. Hayaitoi kathinoni kwenye damu. Lakini ni chakula, hayana madhara, na tumbo lililoungua huyapenda. Kunywa kama unapenda, usiyangojee yakulaze.

## Hatua ya 7: Kushuka bila pombe wala kidonge

Kushuka si ugonjwa. Ubongo umemimina akiba yake ya uchangamfu na sasa unadai. Utahisi huzuni bila sababu, hasira, uzito wa mwili, na wengine hushuku watu: jirani ananisema, mke anaficha kitu. Hali hii huanza stimu inapokatika na hupita. Anayejua kwamba itapita hupambana nayo kwa urahisi kuliko anayedhani maisha yake yameharibika ghafla saa nne usiku.

Fuata mpangilio huu.

1. Tema yote. Kengele ya kuacha ikilia, tema, sukutua kwa maji mara mbili, toka kwenye baraza. Anayebaki kwenye baraza bila majani ataokota kijiti cha mwenzake.

2. Tembea kwa miguu nusu saa, polepole, jua likiwa limepoa. Usikimbie wala kunyanyua vyuma, moyo bado uko juu.

3. Kula hata bila njaa. Uji, supu, papai, yai, mkate. Kidogo. Ukingoja njaa ije, itakuja saa nane usiku.

4. Oga maji ya vuguvugu, badilisha nguo. Moshi na jasho la baraza hukurudisha kule.

5. Zima simu saa moja kabla ya kulala. Mwanga na mabishano ya mtandaoni ni kichangamshi cha tatu.

6. Usiamue lolote. Usivunje ndoa, usiache kazi, usimwandikie bosi. Andika kwenye karatasi kama ni lazima, usome kesho mchana.

7. Lala kitandani gizani hata kama usingizi hauji. Sikiliza kitu kisicho na picha: redio kwa sauti ndogo, Qur'ani, mawaidha, chochote. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita. Mwili uliolala kimya gizani unapumzika hata akili ikizunguka. Anayeamka kila baada ya dakika kumi kuangalia saa ndiye asiyelala.

8. Kesho amka saa ile ile ya kila siku, hata kama umelala kwa muda wa saa tatu tu. Hili ni gumu na ndilo linalofanya kazi. Ukilala mpaka mchana, usiku unaofuata umeharibika pia, na saa nane mchana utakuwa kwa muuzaji ukitafuta nguvu.

Onyo: ukijikuta unafikiria kujiua wakati wa kushuka, usibaki peke yako. Mwamshe mtu.

Utajua umefaulu: unapata usingizi, hata wa kukatika katika, siku hiyo hiyo uliyotafuna. Wiki ya kwanza usitarajie saa nane kamili za usingizi. Tarajia kwamba hukunywa kitu cha kukata stimu.

## Hatua ya 8: Asubuhi

Maji glasi mbili, kisha chai na chakula. Piga mswaki kwa upole, na usafishe ulimi.

Mara moja kwa wiki simama mbele ya kioo, vuta shavu, tazama. Kidonda au utando mweupe au mwekundu usiopona kwa wiki mbili unahitaji kuonwa na daktari wa meno, hata kama hauumi.

Bado choo kigumu? Ongeza maji na mboga kabla ya kukimbilia dawa za kuharisha.

## Hatua ya 9: Siku za mapumziko na jinsi ya kupunguza

Anayetafuna kila siku hatafuni tena ili astarehe, anatafuna ili arudi kawaida. Anza na siku mbili mfululizo bila majani kila wiki.

Siku hizo mbili zitakuwa mbaya: usingizi mzito, uvivu, njaa, hasira za bure, ndoto za kutisha. Kwa wengi hupungua ndani ya siku chache, na kuacha miraa peke yake hakuleti hatari ya degedege kama kuacha pombe au vidonge ghafla. Wanaotumia vyote pamoja wasiache pombe wala vidonge kwa mkupuo bila mhudumu wa afya.

Kinachowashinda watu hapa ni kwamba wanapunguza kila kitu Jumatatu moja. Fanya kwa zamu. Kwanza sogeza saa ya kuanza mbele, mchana badala ya asubuhi, kwa wiki nzima. Kisha punguza robo ya kipimo. Kisha ongeza siku ya tatu ya mapumziko. Kila hatua ikae wiki moja au mbili kabla ya inayofuata, na ukiteleza rudi hatua moja nyuma, si mwanzo.

Halafu kuna ile saa yenyewe. Saa nane au tisa mchana miguu hujipeleka maskani, na maskani si majani tu. Ni kazi zinazotajwa, habari za mtaa, marafiki wa miaka. Ukiiacha saa hiyo wazi utarudi. Ijaze kwa kitu kinachokutoa nyumbani: mpira, gereji ya rafiki, msikitini, shamba, kumchukua mtoto shuleni. Ukienda maskani, nenda umeshiba, na chupa yako, na uondoke wewe wa kwanza.

Pesa usiyotumia itie mahali unapoiona. Mtungi wa sarafu mezani una nguvu kuliko hesabu ya kichwani.

Ukishindwa peke yako, Kenya kuna simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, na hospitali nyingi za kaunti zina washauri wa mambo haya.

## Hatua ya 10: Dalili za kukimbilia hospitali, saa hiyo hiyo

- Maumivu au uzito kifuani, hasa ukienda mkononi au tayani, pamoja na jasho baridi
- Uso kupinda, mkono kulegea, maneno kukwama
- Presha kufika 180/120 na kuumwa kichwa sana, kifua au kuona ukungu
- Degedege
- Mwili wa moto sana na kuchanganyikiwa
- Kushindwa kabisa kukojoa
- Kutolala usiku mbili au tatu, kusikia sauti, kuamini watu wanakuja kumuua

Kwa hiyo ya mwisho, anayekaa na mgonjwa asibishane naye wala asimfunge kamba. Punguza watu, punguza sauti, zima muziki, ongea polepole, ondoa visu na panga, mpeleke. Akiwa amelewa pia au amemeza vidonge na hajibu vizuri, mlaze ubavu, mdomo uelekee chini, na usimwache "alale zipungue."

Ukifika, mwambie daktari mgonjwa amekula nini, kiasi gani, tangu saa ngapi, na alichanganya na nini. Miraa ni halali Kenya. Hakuna atakayekushika kwa kusema. Kuficha kunaweza kumfanya apewe dawa isiyofaa.

## Kwa wanaovuka mpaka

Usihamishe mazoea yako. Tanzania mirungi, kama miraa inavyoitwa huko, ni dawa ya kulevya kisheria, na mashamba ya wilaya ya Same yamekuwa yakiteketezwa na mamlaka. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014, Uholanzi ikiwa imetangulia. Saudia na Falme za Kiarabu hazina mzaha nayo. Kabla ya safari kagua mifuko ya koti, sehemu ya chini ya begi, na gari: vijiti vilivyokauka vya wiki iliyopita vinahesabika kama vibichi. Na usibebe kifurushi cha mtu mwingine, hata cha binamu, mpaka ukifungue mwenyewe.